Ovaroli za Athi River na Gauni Moja la Kasese

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Wa jumuiya mmenipigia simu, wa kiwandani mmenitumia sauti, na nimejibu nusu nusu mpaka habari zangu mwenyewe zimenirudia zikiwa na mkia: ati nilifia Uganda nikafufuka, ati nimeolewa na daktari Mkongo. Leo nimekaa chini niseme yote mara moja.

Mnajua kazi yangu, lakini wengine mtawasomea, kwa hiyo nieleze. Mimi Nduku ni msimamizi wa laini katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Athi River. Tunashona zile ovaroli nyeupe ambazo wauguzi huvaa wanapohudumia wagonjwa wa Ebola. Ugonjwa ulipozuka tena mpakani mwa Kongo na Uganda, tulishona mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha malalamiko yakaja kwamba zinapasuka. Shirika linalozinunua likaomba kwamba kabla hatujakata nyingine, mtu anayeshona na mtu anayekagua waende wakaone zinavyovaliwa. Kura ikatuangukia mimi na Mutiso, mkaguzi wa ubora, mtu wa Kangundo ambaye haamini chakula kisicho na maharagwe. Tulichukua pikapu ya ofisi, yeye akaendesha, na maboksi ya ovaroli za mfano nyuma.

Athi River hadi Malaba

Sina la kusema juu ya barabara mpaka Malaba, isipokuwa kwamba Mutiso huimba nyimbo za kanisani akipita lori, na malori ni mengi.

Malaba tulikwama. Afisa wa afya alitupima joto, akatunawisha, kisha afisa mwingine akataka kuona mzigo. Alifungua boksi moja pale pale kando ya barabara, na upepo ukaingia ndani ya ovaroli ya juu ukaijaza. Mikono ikainuka, kofia ikasimama, na ile nguo ikaruka mpaka kwenye ua wa waya, ikanasa pale ikipunga kama mtu.

Watu walikimbia. Dereva mmoja wa lori akapiga kelele, "Wameleta! Wameleta!"

"Wameleta nini?" mwenzake akauliza huku naye anakimbia.

"Si ndio huo ugonjwa!"

Kulikuwa na mama mmoja wa kuuza ndizi ambaye hakukimbia kwa sababu beseni lilikuwa zito. Nilimwambia, "Mama, ni nguo tu. Mimi mwenyewe ndiye nimeishona."

"Kama ni nguo tu, ivae."

Nikaivaa. Nikavuta zipu mpaka kidevuni, nikavuta kofia. Alinitazama kwa muda, akasema, "Vua. Unatisha." Baadaye alituuzia ndizi, lakini hakutupatia mkononi. Aliziweka juu ya boneti, akarudi nyuma, ndipo tukazichukua. Mutiso alikasirika. Mimi nilicheka. Nilikuwa bado sijui lolote.

Malaba hadi Kasese

Tulilala Kampala, na asubuhi tukashika njia ya magharibi. Mutiso alikuwa ameletewa matoke mara tatu na kila mara aliuliza kwa heshima kama hakuna isyo. Nilimweleza kwamba huku mahindi na maharagwe hayachemshwi pamoja kama kwetu. Akasema, "Sasa hawa watu wanapata nguvu wapi?" Ila mchuzi wa njugu ulimshinda, aliulamba mpaka sahani ikang'aa.

Baada ya Fort Portal mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Maji yalifunika daraja dogo na magari yote yakasimama. Tulikaa hapo mpaka njaa ikauma. Kutoka nyumba moja juu ya barabara, mwanamume na mkewe walituona tukitetemeka, wakatuita tukae barazani. Walituuliza tunakoenda. Tukasema hospitali ya mpakani. Wakatazamana, lakini hawakutufukuza. Mke alileta chai ya maziwa na viazi vitamu vya moto, akaviweka kwenye kigoda, akaingia ndani.

Maji yalipopungua tukataka kurudisha vikombe. Yule bwana akanyoosha mikono yote miwili, "Hapana, hapana, chukueni. Ni vyenu."

Vilikuwa vikombe vizuri, vya bati, vyenye maua mekundu. Mutiso alishukuru kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikamba. Njia nzima alisema hajaona watu wakarimu hivyo, mgeni humjui na bado unampa hata kikombe. Tulipofika hospitalini tukamsimulia Sista Masika, muuguzi mkuu wa pale, Mganda wa huko huko milimani.

"Hawangeweza kuvinywea tena," alisema. "Msiwachukie. Wengine wasingewapa hata chai."

Mutiso aliweka kikombe chake chini polepole. Hakukiongelea tena, lakini alirudi nacho nyumbani, na huwa anakinywea.

Hospitali ya mpakani

Hospitali yenyewe ni ndogo. Nyuma yake walikuwa wamesimamisha mahema meupe ndani ya ua wa nyavu za rangi ya machungwa, na kila mlango una ndoo ya maji yenye klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia inayoingia mpaka kwenye ndoto. Ua ulikuwa wa safu mbili, ili walio nje waweze kuongea na walio ndani bila kugusana. Dawa zilikuwa zimetoka mbali, daktari mmoja alikuwa wa Senegali, maabara ilikuwa ya Waganda, nguo zetu za Athi River. Na aliyekuwa akiwafundisha wote kuvaa na kuvua alikuwa Mkongo, muuguzi anayeitwa Furaha. Alikuwa amepita katika milipuko kadhaa ya Ebola kwao, akavuka mpaka kuja kusaidia majirani. Ni mwanamke mfupi, ananifika begani, na anaongea kwa haraka.

Tulianza majaribio upande salama, mbali na wagonjwa. Furaha alivaa ovaroli yetu, gambuti, glavu mbili, miwani. Nikamzunguka kama ninavyowazunguka ninyi kiwandani nikauliza, "Nguo inatosha?"

Alinishangaa. "Itoshe? Sasa hivi?"

"Ndiyo. Inakutosha?"

Akainua mabega, akaanza kuvua glavu.

"Hapana, hapana! Nauliza tu kama inatosha!"

"Ninatosha, mama, ninatosha! Usinipigie kelele!" Na zipu ikashuka mpaka kiunoni.

Mutiso alikuwa ameshika mbavu. Sista Masika ndiye aliyetuokoa. Katika Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa, ni kuvua. Mimi nilikuwa nauliza kama nguo inamkaa, yeye anasikia namwamuru aivue. Tulicheka sote, halafu Masika akaacha kucheka ghafla. Kuvua ndiko kuliko na hatari, alisema. Aliyetoka kwa mgonjwa huvua akiongozwa kwa sauti, hatua baada ya hatua, na akitangulia hatua moja anaweza kujigusa. "Kuanzia leo," akasema, "langoni tunasema 'vaa' na 'vua'. Hilo neno lingine likae nyumbani."

Kisha Furaha akatuonyesha shida ya nguo. Mkato wetu ulikuwa wa mwanamume mrefu. Kwake msamba ulining'inia karibu na magoti, miguu aliikunja akaifunga kwa utepe wa gundi. "Sasa mutoto ameanguka chini, nafanya nini?" Akachuchumaa kama mtu anayemwinua mtoto. Tukasikia chwaa. Kitambaa kilipasuka kando ya mshono, kutoka pajani hadi nyuma ya goti.

Hakuna aliyecheka safari hii. Niliuliza ilishampasukia kule ndani mara ngapi. Furaha akaanza kujivua taratibu.

Tulifanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni kupima wauguzi. Wengi walikuwa wanawake, wengi wafupi. Wao walituambia wanakopasukiwa, miwani inapopata ukungu, kofia inapobana shingo. Mimi nilichora na Mutiso akapima. Tulikuwa turudi nyumbani kesho yake.

Hema la kusubiri

Kesho yake niliamka nikiwa na homa.

Nilimwambia Mutiso ni uchovu. Nilipofika langoni kipima joto hakikukubali uchovu. Wakati huo huo nikatapika. Sista Masika alirudi nyuma hatua moja, na sijawahi kuona mtu akirudi nyuma kwa huzuni vile. "Nduku," alisema, "unajua lazima."

Nilijua. Hema la wanaoshukiwa liligawanywa kwa karatasi ngumu ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, kila mtu na chumba chake kidogo. Walichukua nguo zangu zote, hata kile kitambaa cha kichwa alichonipa mama, wakaenda kuzichoma, wakanipa shuka na gauni la hospitali. Mutiso alisimama nje ya ua wa pili. Aliniambia kwa Kikamba kwamba atawaambia nyumbani nina malaria.

"Na kama si malaria?"

"Ni malaria," akasema.

Sasa nisikilizeni. Ninazijua zile ovaroli. Ninajua mshono wa bega unavyopinda, ninajua ni nani kati yenu anayeshona zipu na nani kofia. Lakini siku ile ovaroli ilipoingia kwenye hema na kunijia, kubwa, nyeupe, haina uso, imeshika sindano, nilijikuta nimerudi nyuma mpaka kichwa kikagonga nguzo. Nilikuwa nataka kusema, "Mama, ni nguo tu," na mdomo ukakataa.

"Ni mimi Furaha," nguo ikasema.

Alinitoa damu. Sampuli ikaenda. Jibu la kwanza lilisema sina Ebola, lakini homa ilikuwa changa mno, ikabidi kusubiri na kupimwa mara ya pili. Malaria ilikuwepo, wakanipa dawa. Lakini mtu anaweza kuwa na yote mawili. Hilo nilikaa nalo.

Upande wa pili wa plastiki aliletwa mwanamke wa makamo, Mama Kavira, Mkongo anayevuka mpaka kila juma kuuza samaki wakavu na mafuta ya mawese. Alikuwa anaungua kwa homa, na alikataa kunywa. Kila nguo nyeupe ilipomkaribia na kikombe aligeukia ukutani.

"Utoshe hii kitu ku uso nikuone!" alipiga kelele. "Uko mutu ao uko shetani?"

Safari hii nilielewa. Nilimwona Furaha akisimama na kikombe chake, hana ruhusa ya kujifunua. Alitoka. Baadaye kidogo nikamwona nje, ng'ambo ya ua wa pili, bila ovaroli, kwenye jua, nywele zimelowa jasho. Aliita kwa lugha yao ya milimani, halafu kwa Kiswahili: "Mama Kavira! Niangalie! Njo mimi. Nitaingia sasa, nitakunywesha. Sura njo hii!" Njo yao ni "ndio" yetu.

Mama Kavira alimtazama sana. Furaha aliporudi amevaa, yule mama akanywa.

Mchana mzima tuliongea kupitia plastiki. Hakuogopa kifo kama nilivyodhani. Alichoogopa ni kutoka. Nguo zake walikuwa wamezichoma, alizozivaa sokoni, liputa, yaani kitenge, ya buluu yenye ndege ambayo mume wake marehemu alimnunulia. "Batanitosha hapa na nguo ya watu," alisema. "Gauni ya hospitali. Bashemeji bataona, batasema huyu tayari ni maiti. Nani atanikaribia?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. Nikamwambia akitoka atatoka na gauni lake, la buluu, nitamshonea mimi. Nilisema tu, unavyomwambia mgonjwa. Alisogea karibu na plastiki, akageuka mara moja, polepole, mikono ameiinua kidogo, ili nimwone umbo. Nilimpima kwa macho.

Jioni majibu yake yalikuja. Walimhamishia hema la ndani, la wenye Ebola. Hakuniaga kwa sababu hakuweza kuinua kichwa.

Kusubiri Kasese

Jibu langu la pili lilikuwa safi. Nilioga kwa maji ya klorini, nikatoka kwa nguo za watu, nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kama mtoto. Mutiso alikuwa amesharudi Athi River na vipimo ili ukataji usichelewe, nilitaka hivyo. Mimi sikuruhusiwa kuvuka mpaka. Nilikuwa nimelala karibu na mwenye ugonjwa, ikabidi nikae mjini nikiangaliwa, na kila asubuhi mtu wa afya alikuja kunipima joto mlangoni.

Mwenye chumba nilichopewa alikuwa na cherehani ya miguu kwenye veranda. Nilinunua kitenge cha buluu. Cha ndege sikukipata, nikapata cha samaki, nikasema atacheka. Nilikata kwa kipimo cha macho yangu, mabega ya kufura kama wanavyopenda kwao, na nikashona bila haraka, kwa maana sikujua nashona gauni la kutokea au la kuzikiwa. Kila siku niliuliza langoni. Sista Masika alinijibu kwa kichwa tu. Siku nyingine alikitikisa kwa namna ambayo nilikwenda nikaikunja cherehani ndani ya meza yake, nikalala.

Halafu asubuhi moja Furaha alinipigia. "Mama Nduku, leta gauni. Leo anatoka. Anatoka, unanisikia? Sikusema lile neno lingine."

Ndugu zake walikuwa wamevuka kutoka Kongo: mashemeji wawili na dada yake mdogo, wamesimama chini ya mti, mbali. Mama Kavira alitokea kwenye mlango wa bafu wanaloogea waliopona amevaa gauni langu. Na lilimpwaya. Ugonjwa ulikuwa umekula nusu ya mwanamke niliyempima. Bega moja lilikuwa limeteremka mpaka kwenye mkono, na alilishikilia kwa vidole vilivyokonda, akijaribu kutabasamu. Nilimwona akiwaangalia ndugu zake. Hakuna aliyesogea. Shemeji mmoja alivua kofia, kama mtu anayekutana na jeneza.

Nilikuwa na pini. Fundi hatoki bila pini. Kitu cha kufanya kilikuwa wazi: kumwendea, kukunja bega, kubana kiuno. Nami nikasimama. Nilikuwa nimefundishwa, daktari alikuwa ametangaza kwamba amepona na haambukizi mtu, nilikuwa nimemwahidi kwa mdomo wangu. Miguu ikakataa. Nisiwadanganye, ilikataa, na yeye aliiona ikikataa.

Furaha, ambaye amewashika wagonjwa wengi kuliko sisi sote, hakunisukuma. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Pini usiweke mu mdomo."

Nikaenda. Nikashika bega lake. Ngozi ilikuwa ya joto la kawaida, kavu kidogo, ina harufu ya sabuni. Nikakunja kitambaa, nikabana. Nikapiga magoti nikakunja ubavuni, nikabana tena. Nikasema, "Samaki hawa wamekuwa wengi kwako, mama."

"Nitanona," akasema.

Nilipoishiwa na mikono, upande wa pili ukiteleza kila nikibana huu, nikasikia hatua. Dada yake mdogo alikuwa amekuja. Aliushika ule upande wa pili, akaukunja kama nilivyokunja mimi, akanyoosha kiganja nimpe pini.

Kurudi nyumbani, Kinanie

Kote mpaka Malaba nilipimwa joto na kuachiliwa. Siku zangu za kuangaliwa zilikwisha huko huko, na karatasi ninayo. Ovaroli za watu wafupi zimeshakatwa. Mmezishona wenyewe, mnazijua. Nitawaomba tu mshono wa msamba mpige mara mbili.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi mlikuja. Niliwasikia mkiimba kutoka njiani, nikatoka mlangoni. Mlisimama langoni na sufuria ya isyo, mkaimba wimbo mzima, mkaiweka chini kando ya ua, mkanipungia mikono, mkarudi. Mama Muthini, nilikuona ukifuta macho. Tangu siku hiyo mnanipigia simu, mnaniuliza ilikuwaje, na nyumba zetu zimetenganishwa na shamba la mbaazi tu.

Sijakasirika. Mimi niliyeshona hizo nguo, niliyelala ndani ya hilo hema, nilisimama mbele ya mwanamke aliyepona na pini mkononi, nikashindwa kuinua mguu. Najua uzito wa hizo hatua.

Lakini zinapitika. Lango sijalifunga. Sufuria yenu nimeiosha, na siwaletei. Njooni muichukue mkononi mwangu. Chai iko motoni.